Kuokoa kanda za video, sidii na magemu ya zamani: mwongozo kwa watu wa Moshi

Ukiuliza vizuri kwenye familia yoyote ya Moshi iliyokuwa na deki miaka ya tisini, utakuta kanda hazijatupwa. Ziko kwenye sanduku la chuma kwa bibi kule Kibosho, au uvunguni kwa mtu Majengo, au juu ya kabati zimefunikwa kitambaa cha kufuma. Pamoja nazo kuna sidii za filamu, mashine ya gemu yenye pedi iliyokatika waya, na adapta ambayo hakuna anayekumbuka ilikuwa ya kitu gani.

Mwongozo huu ni wa kuvifufua vitu hivyo: kuvitazama na kuvicheza kwenye mashine zake zenyewe, na kuhamishia kwenye kompyuta vile ambavyo vikipotea havirudi. Usiahirishe. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho iliyokuwa ikitengeneza deki za VHS, ilisimamisha kazi hiyo Julai 2016. Deki zilizopo mtaani ndizo hizo hizo, na kila mwaka zinapungua.

Hatua ya kwanza: amua kipi kinaokolewa kwanza

Mtu akifungua boksi la kanda, mkono unakimbilia filamu: kung fu, za Kihindi, za makomando. Nazipenda sana hizo, lakini zinaweza kusubiri. Hata Hatari!, filamu ya John Wayne ya 1962 iliyopigwa pande zetu hizi za Momella, ina nakala duniani kote. Kanda yako ikiungua leo, utaipata kwenye DVD ikiwa safi kuliko ulivyowahi kuiona.

Kisichopatikana pengine popote ni harusi ya mjomba. Ubarikio wa dada, komunio, mazishi ya babu, Krismasi ile ambayo ukoo mzima ulipanda nyumbani. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, kwa hiyo kabla ya hapo mpiga video wa sherehe alikuwa miongoni mwa watu wachache sana waliorekodi maisha ya mitaa yetu. Nyuma ya bwana harusi utaona barabara ilivyokuwa, magari ya wakati ule, mashati, vibao vya maduka. Utasikia wazee wakitoa nasaha kwa Kichaga ambacho vijana wengi wa leo hawakisemi. Na nakala mara nyingi ni moja tu.

Kwa hiyo sherehe za familia ziwe za kwanza. Za pili ni filamu zilizotafsiriwa, zile ambazo mtafsiri anasimulia Kiswahili juu ya picha, kama alivyofanya Lufufu aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa kazi hiyo. Filamu yenyewe ipo kila mahali, ila ile sauti, vichekesho vyake na majina ya mitaa aliyoyachomeka humo vimo kwenye kanda na sidii hizo tu. Kundi la tatu ni vipindi na matangazo yaliyorekodiwa kutoka kwenye TV. Halafu sidii za kuchoma. Filamu za dukani na magemu vije mwisho.

Kabla ya kwenda na begi, piga simu. "Shikamoo shangazi. Zile kanda za ubarikio wa kaka bado zipo?" Akishaitikia marahaba, mwache aongee. Atakutajia sherehe ambazo hukuzijua, na atakuambia kanda ipi iliazimwa na nani. Andika yote. Lebo za zamani usizibandue wala usibandike nyingine juu yake, maana mwandiko ule nao ni kumbukumbu. Karatasi yako iweke ndani ya kasha.

Kitu kimoja ufanye hapo hapo, kabla hata hujafika kwenye deki. Kwenye ubavu wa kanda, upande wa lebo ya mgongoni, kuna kijipande kidogo cha plastiki kwenye kona ya kushoto. Kikiwepo, deki inaweza kurekodi juu ya kilichomo. Kivunje kwa ncha ya bisibisi. Kama mtu aliziba tundu hilo kwa selotepu ili arekodi tena, ibandue. Sasa hata mtoto akibonyeza kitufe chekundu kwa bahati mbaya, harusi iko salama.

Hatua ya pili: kagua kanda kwa macho na pua

Adui wa kanda hutegemea nyumba ilipo. Mlimani, kuanzia Kibosho na Machame kwenda juu, kuna baridi na unyevu, hasa masika ya Machi hadi Mei, na kanda huota ukungu. Mjini kuna joto la Januari na Februari na vumbi, na kanda hujikunja au kuchakaa plastiki yake.

Shika kanda karibu na dirisha, mwanga uingie kwa ubavu, na uchungulie kwenye vidirisha viwili vya juu. Utepe mzima unaonekana mweusi au kahawia ya giza, umejipanga laini na unang'aa sawasawa. Ukiona vumbi jeupe, nyuzi nyuzi au madoa ya kijivu kwenye kingo za utepe, huo ni ukungu. Nusa pia. Harufu ya nguo zilizoanikwa ndani wiki nzima ni dalili hata kama macho hayajaona kitu.

Kisha fungua kifuniko cha mbele: bonyeza kitufe kidogo ubavuni mwa kanda, karibu na kifuniko, kisha ukinyanyue. Angalia sehemu ya utepe iliyo wazi bila kuigusa. Mikunjo, alama za meno, ukingo uliojipinda, vyote vinakuambia kwamba kanda hii iliwahi kuliwa na deki. Inaweza kucheza, ila ijaribiwe mwishoni.

Kanda yenye ukungu usiitie kwenye deki nzima kwa sababu yoyote ile. Vumbi lake hubaki kwenye hedi, vile vichwa vidogo vya deki vinavyosoma utepe, na kuhamia kwenye kila kanda itakayofuata. Ifungie kwenye mfuko wake peke yake.

Iliyotoka mlimani kwenye baridi usiicheze siku hiyo hiyo. Ikifika mjini kwenye joto, iache ndani ya kasha hadi kesho yake, la sivyo umande utashika kwenye utepe nao utanata kwenye ngoma ya deki, silinda inayozunguka ndani yake. Deki nyingi zina kitambuzi cha umande, na zingine huonyesha neno DEW na kugoma kabisa. Zikigoma ziheshimu, subiri.

Hatua ya tatu: kuondoa ukungu

Hii ndiyo kazi inayotisha watu, na ndiyo inayookoa kanda nyingi za huku kwetu. Unahitaji barakoa, glavu nyepesi, kitambaa laini kisichotoa nyuzi kama kile cha kufutia miwani, bisibisi ndogo ya nyota, na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Hii ya mwisho waulize mafundi simu, maana wengine huitumia kusafishia bodi. Ile ya asilimia 70 ya duka la dawa ina maji mengi mno kwa utepe. Thina, petroli na spiriti ya rangi usiziguse kabisa.

Anza kwa kuukausha ukungu. Weka kanda kwenye chombo chenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye viatu na mabegi mapya, vingi iwezekanavyo, uache siku kadhaa. Usianike juani, jua linapinda utepe. Ukungu mbichi ukiufuta unapaka. Ukikauka unakuwa unga na unatoka.

Sasa nenda nje, barazani au chini ya mti, mbali na chakula na watoto, uvae barakoa. Geuza kanda uone chini yake. Katikati kuna tundu dogo: ukiingiza kijiti humo unaachia breki, na magurudumu mawili yanazunguka kwa mkono. Nyanyua kifuniko cha mbele, mtu wa pili akishike. Kunja kitambaa kikavu, ukiguse utepe kwa upole pande zote mbili, na uzungushe gurudumu polepole utepe upite katikati ya kitambaa. Ukiona kitambaa kimechafuka, geuza upande. Raundi ya kwanza iwe kavu. Ya pili, nyevesha kitambaa kidogo tu kwa isopropili, na uzungushe taratibu kiasi kwamba utepe unakuwa umeshakauka kabla ya kujiviringisha upande wa pili.

Kanda ya E-180, yaani ya saa tatu, ina utepe wa zaidi ya mita 250, kwa hiyo usitegemee kumaliza kwa mkao mmoja. Weka redio pembeni, gawana zamu na mdogo wako. Kwa ubarikio wa mama yako, mchana mzima ni bei ndogo.

Kama kasha lenyewe limevunjika au ukungu umejaa ndani, hamisha utepe kwenye kasha la kanda isiyo na thamani. Chini kuna skrubu tano. Zifungue, shikilia vipande viwili pamoja, geuza kanda ilale tena kwa upande wake wa chini, ndipo unyanyue kipande cha juu. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa chochote, maana utepe hupita kwenye vijiti fulani kwa mpangilio fulani, na picha hiyo ndiyo ramani yako ya kurudi.

Utepe uliokatika huungwa kwa upande wa ndani, ule unaotazama magurudumu, kwa sababu upande wa nje ndio unaogusa hedi. Tumia utepe wa kuungia uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Selotepu ya kawaida huyeyuka gundi kwa joto la deki, na gundi hiyo ikifika kwenye hedi umeua mashine.

Hatua ya nne: kupata deki na kuijaribu

Kabla ya kununua, uliza kwenye ukoo. Deki nyingi zimelala zikiwa nzima kwa sababu tu rimoti ilipotea. Ukikosa, zungukia mafundi wa redio na TV mjini, kisha Memorial na Kiboriloni. Fundi mzee aliyefanya kazi hii miaka ya tisini ni hazina. Msalimie vizuri, kaa kwenye benchi lake, mweleze unataka kufanya nini. Mara nyingi ana deki mbili tatu nyuma ya pazia ambazo hakuna aliyewahi kuzifuata.

Nenda na kanda ya majaribio ambayo hata ikiliwa huwezi kulia. Itie, icheze, isimamishe, irudishe nyuma hadi mwanzo, ipeleke mbele hadi mwisho, itoe. Kila mara ikitoka angalia utepe: mikunjo mipya kwenye ukingo maana yake gurudumu dogo la raba limechakaa au njia imepinda. Deki inayocheza vizuri ila inashindwa kurudisha nyuma mara nyingi inadai belti tu, na belti fundi anaweza kukutafutia. Picha ikiwa chenga tupu huku sauti ikisikika, hedi imeziba. Hiyo husafishika, na ni sababu nzuri ya kupunguziwa bei.

Kusafisha hedi: chomoa umeme, subiri, fungua mfuniko wa juu, na usiguse upande unaoingilia waya wa umeme. Ile ngoma ya chuma inayong'aa katikati ndiyo yenye hedi, vipande vidogo sana vinavyochungulia ubavuni mwake. Kata karatasi nyeupe safi, ilowanishe isopropili, iegemeze ubavuni mwa ngoma bila kuisogeza, na kwa kidole cha mkono mwingine zungusha ngoma kutokea juu. Inazunguka ngoma, karatasi haiendi popote. Ukisugua juu-chini utazing'oa hedi. Pamba ya masikio nayo iweke mbali, nyuzi zake hunasa humo. Kwenye gurudumu la raba ndipo pamba inafaa.

Kama una ndugu Marekani aliyekuwa akituma kanda, hakikisha deki inasoma pia NTSC, mfumo wa picha wa kule. Huku tulitumia PAL, na kanda ya NTSC kwenye deki ya PAL tupu itakupa picha inayopanda na kushuka au isiyo na rangi. Deki nyingi zilizopitia Dubai zinasoma zote mbili, na mara nyingi imeandikwa usoni.

Hatua ya tano: TV ya chogo

Wengi wanazigawa bure sasa, chukua moja ungali unaweza. Kanda na magemu ya zamani yalitengenezwa kwa kioo kile. Rangi zinakaa vizuri, mistari inalainika, na gemu inaitika papo hapo. Inchi 21 inatosha sebule ya kawaida. Unapoibeba, kioo kikitazame kifua chako, maana uzito wote uko mbele.

Usiifungue. Ndani huweza kubaki na umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa ukutani, na mafundi wenyewe wana namna yao ya kuutoa kabla ya kuingiza mkono. Ikileta madoa ya kijani au zambarau kwenye kona, kwanza ondoa sabufa pembeni yake, sumaku ya spika ndiyo inayofanya hivyo. Izime kwa nusu saa, iwashe tena. TV nyingi hujisafisha zenyewe zinapowaka zikiwa zimepoa, na baada ya mara kadhaa doa linaondoka.

Waya ni ule wa AV: njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti. Deki yenye tundu moja la sauti tumia nyeupe. Kila kitu kipitie TV gadi au stebilaiza.

Hatua ya sita: kuhamisha kanda kwenye kompyuta

Unahitaji kifaa cha USB cha kunasa video, kile chenye matundu ya njano, nyeupe na nyekundu upande mmoja, na programu ya OBS Studio ambayo ni ya bure. Unganisha deki na kifaa, kifaa na kompyuta. Ndani ya OBS chagua PAL, ukubwa wa kuingia 720 kwa 576, na ubao wa picha (Canvas) 768 kwa 576 ili watu wasionekane wamebanwa. Usivute picha ijaze kioo kipana. Nyuso za wazee wetu hazikuwa pana vile.

Vitu vinavyotembea vitaonyesha mistari kama meno ya kitana. Hiyo ni kawaida ya video za zamani, ambazo kila fremu ilirekodiwa kwa nusu mbili. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya kwenye chanzo cha video, tafuta sehemu ya kuondoa mistari (Deinterlacing), chagua Yadif 2x, na uweke fremu 50 kwa sekunde. Mwendo utakuwa laini kama ulivyokuwa kwenye chogo.

Rekodi kwa mfumo wa MKV. Umeme ukikatika katikati, faili la MKV linabaki na kila kilichokwisha kunaswa, wakati MP4 ya kawaida iliyokatizwa huweza isifunguke kabisa. Na umeme ukikatika usivute kanda kutoka kwenye deki. Wakati huo utepe umezungushiwa ngoma. Acha hivyo hivyo hadi umeme urudi, deki yenyewe itaurudisha utepe kwenye kasha ndipo uitoe.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi, peleka kanda mbele hadi mwisho na uirudishe mwanzo. Utepe uliolala miaka ishirini hujishika, na mzunguko huo unaulegeza. Kisha cheza dakika chache, rekebisha kitufe cha trakingi hadi ule mstari wa chenga ushuke chini ya kioo upotee, na uvae spika za masikioni uhakikishe sauti inaingia kweli. Hakuna njia ya mkato hapa: kanda ya saa tatu huhama kwa saa tatu. Kwa megabiti 6 kwa sekunde, kila saa itachukua takribani GB 2.7, kwa hiyo andaa nafasi.

Faili likishapatikana, lipe jina linaloeleweka: mwaka, tukio, familia, mahali. Weka nakala kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti, moja mjini na moja kwa ndugu wa Arusha au Dar. Na kanda yenyewe usiitupe. Vifaa bora vya kunasa vinaweza kuja, na utepe huo ndio asili.

Sidii na DVD

Hapa kazi ni fupi. Geuza sidii uone chini. Ikiwa ya fedha tupu, ilipigwa kiwandani na inaweza kukaa. Ikiwa na rangi ya bluu, kijani au zambarau, ilichomwa kwenye kompyuta, na rangi hiyo hufifia kwa jua na joto, basi inakili hii kwanza. Futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, kamwe usizungushe. Linda zaidi upande wa juu wenye picha. Kwenye sidii, data iko chini tu ya lebo, na mkwaruzo wa juu hauna tiba, wakati wa chini mara nyingi unang'arishika.

VCD inabeba takribani dakika 74, ndiyo maana filamu moja ilikuja na sidii mbili. Ukiifungua kwenye kompyuta, ingia folda ya MPEGAV, nakili faili la AVSEQ01.DAT, na programu ya VLC italicheza. DVD zilizotolewa kwa eneo letu la dunia hupewa namba ya rijini 5, hivyo deki ya DVD iliyotoka Uingereza au Marekani inaweza kuzikataa.

Wanaokusanya Bongo Movie wawe waangalifu na jozi. Filamu nyingi za enzi za Steven Kanumba, aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012, ziliuzwa sehemu ya kwanza na ya pili mbali mbali, na leo unakutana na sehemu moja imebaki yatima. Zifunge pamoja kwa raba bendi. Kava zake pia zitunze, michoro ile ni sanaa ya peke yake. Nakili kwa ajili ya kuhifadhi nyumbani kwako, usigeuze kuwa biashara. Waliozitengeneza na familia zao bado wana haki zao.

Magemu

Zile mashine za kaseti za njano tulizoita Nintendo nyingi ni nakala za Family Computer, iliyotoka Japani tarehe 15 Julai 1983. Kaseti zake zina meno 60. Ikigoma kuwaka, usipulize kwenye kaseti, najua sote tulipuliza. Pumzi ina unyevu na unyevu huleta kutu kwenye meno. Chukua kifutio cheupe, sugua meno mara chache bila kukandamiza, futa kwa pamba yenye isopropili, acha ikauke. Iingize na kuitoa mara kadhaa ili meno ya ndani ya mashine nayo yajisugue.

Adapta ni jambo la kufa na kupona. Soma volti na alama ya chanya na hasi kwenye mashine yenyewe, kisha linganisha na adapta. Nyingi za Family Computer zina hasi katikati, na adapta ya kawaida ya sokoni mara nyingi ni kinyume. Mashine halisi zilizotoka Japani hutaka umeme wa volti 100 ukutani, za Marekani 120, wakati sisi tuna 230. Bila transfoma ya kushusha, zinaungua sekunde hiyo hiyo.

Bunduki ya kupigia bata hufanya kazi kwenye chogo pekee. Ukivuta kifyatuo, kioo huwa cheusi kwa kitambo kisha mahali pa bata panakuwa peupe, na jicho la bunduki linasubiri weupe ule ufike kwa wakati wake kamili. Flati huchelewesha picha kidogo, jicho linakuta giza, bata anaruka zake. Bunduki yako ni nzima.

PlayStation ya kwanza, ya Desemba 1994, sidii zake zina mgongo mweusi. Ile tabia ya kuigeuza mashine kichwa chini ili isome ilikuwa na sababu: reli za plastiki zinazobeba lenzi huchakaa kwa joto na lenzi inakaa mbali na pale inapotakiwa, ukigeuza, inarudi karibu. Kwanza safisha lenzi kwa pamba na tone la isopropili, taratibu sana. PlayStation 2 ya 2000 inacheza sidii za ile ya kwanza pia, kwa hiyo ukiwa na nafasi ya moja tu, chukua hiyo. Kadi yake ya kumbukumbu ni ya MB 8. Ukikuta kadi ya zamani kwenye boksi, usiifute kabla ya kuifungua, humo kuna ligi alizoacha kaka yako.

Kaseti zinazohifadhi mchezo kwa betri ndogo hupoteza kila kitu betri ikiisha. Nyingi hutumia CR2032, na fundi simu yeyote mwenye mkono mtulivu anaweza kuibadilisha.

Kuhifadhi

Kanda zisimame wima zikiwa zimerudishwa mwanzo, ndani ya makasha yake. Zisikae juu ya sabufa wala pembeni yake. Zisikae juu kabisa karibu na bati, wala sakafuni, wala chumba kinachopakana na jiko la kuni. Weka vipakiti vya kukausha unyevu, uvibadilishe kila masika inapoisha. Mara moja kwa mwaka zipitishe zote mbele na nyuma.

Siku ya kuonyesha

Desemba, watu wakishapanda nyumbani, ndiyo siku yake. Tumia chogo na deki kama kanda ni nzima, na uweke nakala ya kompyuta pembeni kama akiba. Onyesha sherehe ya familia kwanza, wazee wakiwa bado hawajachoka, kisha filamu iliyotafsiriwa, kisha pedi ziende kwa watoto.

Wakati kanda ya familia inacheza, mtu mmoja akae karibu na bibi akiwa na daftari. Kila bibi anapotaja jina, andika dakika, jina, na alimhusu vipi nani. Yule mama wa kitenge cha bluu anayecheka dakika ya arobaini, huenda bibi ndiye peke yake aliyebaki anayemjua. Simamisha picha ukihitaji, ila si kwa muda mrefu, maana kanda iliyosimama huku ngoma inazunguka inasugulika mahali pamoja.

Wanaotaka nakala waje na flashi zao. TV nyingi za nyumbani husoma flashi za FAT32, ambazo hazipokei faili linalozidi GB 4, hivyo geuza video iwe MP4 na uikate kwa vipande vya saa moja moja kabla wageni hawajaanza kurudi Dar.